Mpaka ni Nyavu

Kitasa cha kontena la klabu ya kriketi kilikuwa kimeharibika tangu mwaka jana, na kwa kuwa kila mtu alimwachia mwenzake kazi ya kukitengeneza, upepo wa ziwani ulipoileta mvua ilibidi mtu auzuie mlango kwa mgongo. Mtu huyo alikuwa Phanice. Mgongo alikuwa nao, na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, zilizorundikwa mle ndani zilikuwa zake.

Kontena lenyewe limewekwa pembeni mwa uwanja, upande wa ziwa, na kazi yake ni kuhifadhi wiketi, mikeka na chokaa ya kuchora mistari. Jumamosi hiyo lilihifadhi pia watu watano na shehena nzima ya omena zilizokauka nusu, zikiwa zimeviringishwa ndani ya nyavu zake kama watoto wachanga. Harufu ilikuwa ya kukata kwa kisu. Hakuna aliyethubutu kulalamika, maana mvua ya Homa Bay ikiamua kunyesha hainyeshi, inapiga.

Mechi ilikuwa imekwisha dakika chache tu kabla ya wingu kupasuka. Wasichana wa Migori walipiga kwanza asubuhi, wakaweka jumla kubwa. Wasichana wa Homa Bay wakapiga mchana, wakaipita. Na aliyeipita, karibu peke yake, alikuwa Liz, binti wa Phanice. Alisimama pale katikati tangu baada ya chakula mpaka mwisho, akafunga mikimbio mia moja hamsini na nane bila kutolewa. Katika ligi yao ya siku moja hakuna msichana aliyewahi kufika hapo. Rekodi ilikuwa mia moja hamsini na moja, na ilikuwa imekaa miaka mingi kiasi kwamba watu waliizoea kama jina la mtaa.

Kisha mvua. Wasichana wa Migori wakakimbilia basi lao, wa Homa Bay wakakimbilia vibanda vya sokoni. Liz peke yake alikimbilia nyavu, pedi zikiwa bado miguuni, akashika upande wa pili wa kila wavu mama yake alioshika, mpaka omena zote zikaingia ndani. Walipogeuka wakakuta wanaume watatu wamejipenyeza nyuma yao.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Cephas, mwamuzi wa mechi, bado kavaa koti lake jeupe lililofika magotini. Wa pili alikuwa Jeremiah, karani wa ofisi moja ya kaunti hapo mjini, ambaye hajawahi kushika gongo la kriketi maishani lakini huwezi kumweleza kitu kuhusu kriketi. Wa tatu alikuwa Abdullah, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Migori na mlezi wa timu ya Migori. Na Abdullah alikuwa baba yake Ayesha, mwenye ile rekodi ya mia moja hamsini na moja.

Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Abdullah hakuanza kwa ubaya. Alimpa Liz mkono, akamwambia ameona wapigaji wengi, wa hapa na wa kwenye televisheni, na bado mchana wa leo amefurahi. Ushindi wenu halali, akasema, chukueni. Ila rekodi ni jambo lingine. Akamgeukia Mwalimu Cephas na kumuuliza, kwa upole wa mtu anayejua anachokitafuta, kama mpaka wa upande wa ziwa ulikuwa mahali pale pale asubuhi na mchana.

Cephas akajibu kama anavyojibu siku zote. Upande wa ziwa, mpaka ni nyavu.

Mtu wa nje lazima aelezwe hapa. Uwanja ule ulizungushiwa nguzo na waya zamani. Upande wa ziwa waya ulikwenda na wezi, nguzo zikabaki, na wanawake wanaoanika omena wakaruhusiwa kutumia ukingo wa nje wa nguzo hizo, kwa masharti kwamba wafukuze mbuzi na wasivuke kuingia ndani. Anayevuka, nje. Ofisi inayosimamia uwanja ilishawaambia hivyo mara mbili. Basi kwa kuwa nyavu zilianza pale pale penye nguzo, waamuzi waliacha kutafuta nguzo kwenye nyasi. Mpira ukigusa omena, ni nne, mikimbio minne ya bure bila mpigaji kukimbia. Mtoto yeyote wa Homa Bay anajua. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba nyavu zina mwenyewe, na mwenyewe ana mikono.

"Mwalimu, tumeingia humu tukiruka nyavu zilizokuwa bado chini," Abdullah akasema. "Mimi nimeruka nyavu kabla sijafika kwenye nguzo. Wewe umeruka wapi?"

Cephas akaangalia tope kwenye viatu vyake.

Kila mtu mle ndani alikuwa ameona. Mvua ilipoanza, nyavu zilikuwa ndani ya uwanja, hatua kadhaa ndani, na hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa zilifika hapo saa ngapi.

Jeremiah ndiye aliyeingilia kwanza. Alisema nyavu zilikuwa hapo tangu asubuhi, tena zimekuwa hapo tangu msimu uanze, kwa hiyo Migori walipiga kwenye uwanja uleule na kila mtu amepata haki sawa. Abdullah akasema hapana, asubuhi yeye mwenyewe alisimama kando ya nguzo akila mahindi, na miguu yake haikugusa omena. Jeremiah akamuuliza tangu lini mtu anayekula mahindi anaangalia miguu yake. Abdullah akamwambia kwamba ndiyo maana watu wa ofisini hujikwaa.

"Mzee, ungesema haya kama mpigaji angekuwa Ayesha?"

"Ayesha alipiga wakati nguzo bado zina waya. Waya hautembei."

"Waya haupo tena. Dunia inasonga. Wewe hapo dukani unauza misumari, usije ukatupigilia sisi."

Cephas alicheka bila kutaka, kisha akajirudi. Phanice hakucheka. Mlango ulikuwa ukimsukuma kwa nguvu, maji yakimpitia kwenye kisigino, na alijua kabisa mazungumzo yanaelekea wapi. Yalikuwa yanamjia yeye.

Wakaingia kwenye rekodi za dunia, kama kawaida ya watu wa kriketi. Ukiwaacha, hata njaa ya mbuzi wataifikisha Kolkata, India. Jeremiah akamkumbusha Abdullah kuhusu yule aliyepiga mia mbili sitini na nne kule Kolkata, rekodi ya dunia ya mechi za kimataifa za siku moja. Je, mdakaji hakuudondosha mpira ambao ungemtoa akiwa na mikimbio minne tu? Rekodi ikafutwa? Haikufutwa. Bahati ni sehemu ya mchezo. Abdullah akasema mtu kudondosha mpira ni kosa la mtu, na mchezo una nafasi ya makosa ya watu. Lakini uwanja wenyewe kupungua baada ya chakula, hilo si kosa, hiyo ni ardhi nyingine. Ungekuwa unapima kiwanja cha kujenga, akasema, ungekubali kamba iliyokatwa?

Liz alikuwa amekaa juu ya gunia la chokaa, mgongo wima, akifungua pedi polepole. Alimwangalia mama yake mara moja, kisha akaangalia mikono yake.

Phanice alijua anachofikiri. Jioni ile Cephas angetuma matokeo kwa katibu wa ligi, Kisumu. Kambi ya mafunzo ya kriketi, Nairobi, ilikuwa na nafasi moja kwa kanda yao, na ilikuwa imetangazwa mapema kwamba atakayeivunja rekodi msimu huu atapewa nafasi hiyo bila majaribio. Isipovunjwa, nafasi ingekwenda kwa mtu wa Kisumu, kama kila mwaka. Liz alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza shule, karo ya chuo haikupatikana, na tangu hapo alikuwa akiamka alfajiri kwenda kupokea omena ufuoni na mama yake. Wiki iliyopita walikuwa wamegombana jikoni, na Liz alisema neno ambalo Phanice alilimeza lakini halikushuka. Alisema, "Wewe unataka nibaki hapa nikuanikie mpaka nizeeke."

Haikuwa kweli. Au haikuwa kweli yote. Mikono ya Liz ilikuwa ya msaada, na Phanice si mtu wa kujidanganya kuhusu msaada.

"Mama Liz," Cephas akasema hatimaye. "Wewe ndiye ulikuwa huko upande wa ziwa siku nzima. Nyavu zilikuwa wapi asubuhi?"

Wote wakamgeukia. Ukiwa umeegemea mlango huna pa kugeukia wewe.

Jeremiah alimsaidia kwa namna alivyodhani ni msaada. Akasogea karibu, akamwambia kwa Kijaluo kwamba aseme tu zilikuwa hapo tangu asubuhi, biashara iishe, mtoto aende Nairobi. Abdullah, ambaye ameuza saruji kwa Wajaluo miaka thelathini na anaelewa kila neno, akajibu kwa Kiswahili kwamba akisema hivyo, basi ina maana akina mama wamevuka nguzo siku nzima, na wenye uwanja wakisikia watawafukuza wote. Hakusema kama tishio. Alisema kama mtu anayemkumbusha jirani kwamba ameacha jiko linawaka. Lakini lilikuwa limeshasemwa, na Cephas alikuwa amelisikia, na Cephas huandika ripoti.

Phanice akaona jinsi alivyobanwa. Akisema asubuhi, Liz anaondoka na rekodi, na wanawake wenzake wanaamka Jumatatu hawana pa kuanika. Mmoja wao ana wajukuu wanne wa kulisha, mwingine hata nyumba ya kupangisha hana, analala kwa dada yake. Wao hawakuvuka. Wenyewe walikuwa wameshakusanya omena zao na kuondoka kabla ya chakula. Akisema mchana, basi ni yeye peke yake aliyevuka, na lawama ni yake peke yake, na binti yake anabaki. Na binti yake ataamini nini? Ataamini kwamba mama amepata alichokuwa akikitaka.

Alifikiri pia kusema hakumbuki. Lakini hakuna mtu Homa Bay ambaye angeamini kwamba Phanice hakumbuki alipoweka omena zake.

"Asubuhi zilikuwa nje ya nguzo," akasema. "Mashua ya pili ilichelewa, ikafika mkiwa mnakula. Huko nje kulikuwa na tope la mvua ya jana. Nikazisogeza ndani, mimi mwenyewe, peke yangu. Wengine walikuwa wameshaondoka. Ukiandika, andika jina langu."

Mvua ilipiga bati la kontena.

Ungetegemea Abdullah ashangilie, lakini hakushangilia. Alivua kofia yake, akajikuna shingo, kisha akafanya kitu ambacho ni mpenzi wa kweli wa kriketi tu anayekifanya: akaanza kukumbuka mipira. Alifumba macho, akaiita mmoja mmoja. Ule wa kwanza wa Mellen, yule mrushaji wake kutoka Ogwedhi, mfupi, Liz akapiga goti akauvuta. Ule wa baada ya mapumziko ya maji. Ule uliopita katikati ya watu wawili wakabaki wakitazamana kama wenye nyumba waliovamiwa. Wa nne. Wa tano. Mitano yote ilisimama kwenye omena. Kila mmoja ulihesabiwa nne. Kama nyavu zingekuwa mahali pake, akasema, mipira hiyo ingezuiwa njiani, naye Liz angekimbia mara mbili tu. Toa mbili kwa kila mmoja. Inabaki mia moja arobaini na nane.

Jeremiah alikataa. Kwa hesabu yake, kuna iliyokuwa na nguvu ya kufika nguzoni yenyewe, nyavu ziwepo zisiwepo, na hiyo ibaki nne. Miwili tu ikiwa ilikuwa na nguvu hiyo, ni mia moja hamsini na mbili, rekodi imevunjika, na Mzee aende nyumbani. Abdullah akasema hawezi kujua, alikuwa mbali. Cephas akasema hata yeye, alikuwa katikati. Wakabishana kuhusu nyasi, kuhusu unyevu, kuhusu gongo la Liz lililoazimwa. Wakabishana mpaka wakajikuta wamefika palepale walipokuwa mwanzo, na kwa mara ya pili wote wakageuka mlangoni.

Maana mipira ilikuwa imefia kwenye omena zake. Yeye ndiye aliyekuwa akiitoa na kuwarushia.

"Ilikuja vipi?" Cephas akauliza. "Mingapi ilikuwa na nguvu?"

Mara ya kwanza kulikuwa na wanawake wenzake wa kufikiria. Sasa hakukuwa na mtu mwingine wa kuumia. Neno moja dogo, miwili, na hakuna binadamu duniani ambaye angeweza kumpinga. Abdullah mwenyewe angekubali. Alikuwa amesimama na kofia mkononi kama mtu anayesubiri kukubali. Phanice alimwangalia Liz. Liz alikuwa ameacha kufungua pedi.

Na Phanice aliiona mipira. Hilo ndilo lililomkera, kwamba aliiona. Mmoja ulikuja kama jiwe, ukapasua beseni lake la plastiki lililokuwa katikati ya omena. Ile mingine ilikuja ikijikokota, ikaingia kwenye omena na kulala. Mmoja aliushika kabla haujatulia vizuri, ukiwa umepakwa magamba, akaupangusa kwa leso yake. Alijaribu kuutia nguvu kichwani mwake. Haukuwa na nguvu. Hata mtoto angeuzuia kwa mguu.

"Mmoja," akasema.

Jeremiah alishika kichwa. Abdullah akafanya hesabu kimya, midomo ikitembea, na alipomaliza hakuitamka. Cephas ndiye aliyelazimika. Mia moja hamsini, akasema. Pungufu ya Ayesha kwa mkimbio mmoja. Ataandika kwamba matokeo ya mechi yanabaki yalivyo na rekodi inabaki ilivyo. Jina la mtu hataandika, hakuna haja. Ataandika mpaka ulisogea wakati wa chakula na mwamuzi hakukagua, kwa sababu hiyo nayo ni kweli.

Abdullah akamwambia Liz kwamba Ayesha akisikia habari hii hatafurahi hata kidogo, kwamba rekodi ya kushikiliwa na mkimbio mmoja wa hesabu si kitu cha kujivunia mbele ya watoto. Kisha akarudi kwa Jeremiah, na Jeremiah akasema hata hivyo ule mpira wa baada ya maji ulikuwa bora kuliko chochote Ayesha alichowahi kupiga, na Abdullah akasema labda, ila mguu wake wa mbele ulikuwa umekaa vibaya. Wakaendelea. Walikuwa na ahueni ya watu walioruhusiwa kurudi kwenye mambo yanayojadilika.

Liz alisimama. Alikuja mlangoni, pedi mkononi, akasimama karibu na mama yake kiasi kwamba wale watatu hawangeweza kusikia na mvua ile.

"Nilikuona ukizisogeza," akasema.

Phanice akamgeukia.

"Nilikuwa nimekaa pale nangoja zamu. Nikakuona unavuta wavu, unaangalia uwanjani, unavuta tena. Nikadhani unanisogezea mimi." Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ndiyo maana nilipiga upande ule mchana kutwa. Nilisema, kumbe Mama anataka niende."

Phanice alikuwa amebanwa mara mbili jioni ile na mara zote mbili alikuwa amejibu upesi, maana ndivyo alivyo, jipu halibembelezwi. Hili la tatu lilimkuta hana pumzi. Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa zawadi. Binti yake angeipeleka popote, hata kama haiendi Nairobi. Lakini Liz alikuwa anamwangalia usoni, na Liz alikuwa amelelewa na yeye.

"Kulikuwa na tope, Liz," akasema. "Niliangalia uwanjani kuona kama mwalimu ananiona."

Liz aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chenji akaikuta sawa.

"Nataka nikuambie kitu kingine," Phanice akasema, lakini hakuwa nacho tayari. Alitaka kusema kwamba kwenda aende. Kwamba angemtafutia njia nyingine. Kila aliloligusa lilisikika kama la mtu anayefidia, na Liz ana masikio makali kwa mambo hayo.

"Nipishe nipite, Mama."

"Inanyesha."

"Naona. Nipishe."

Mvua ilikuwa haijapungua hata kidogo. Nyuma ya Liz zilikuwa omena zote za mashua ya pili, zilizobakiza jua la nusu siku, na mlango ule ukifunguka upepo unaingia moja kwa moja mpaka ukutani. Zikilowa mara ya pili zinaoza. Phanice alijua hilo kuliko alivyolijua jina la baba yake. Alisikia mgongo wake umekaza kwenye bati, na kwa mara ya kwanza tangu waingie humo alijiona alivyosimama: mwanamke mzima amemzibia mtoto wake mlango.

Akatoka mlangoni.

Upepo uliupiga mlango ukutani kwa kishindo. Maji yakaingia kwa ndoo. Jeremiah akapiga kelele kuhusu omena, Cephas akaruka kuokoa koti lake, Abdullah akakimbilia mlango aufunge. Phanice akamshika mkono.

"Uache," akasema. "Bado anapita."

Liz alikuwa ameshapita. Alikuwa katikati ya uwanja tayari, anatembea, hakimbii, pedi zimening'inia mkononi, kuelekea barabarani. Hakugeuka. Phanice alisimama pembeni mwa mlango ulio wazi, nguo zikimganda mwilini, akamtazama mpaka mvua ikamfunika. Abdullah alikuwa bado ameshikwa mkono na hakujua kama auvute mkono wake au auache, kwa hiyo akakaa hivyo hivyo, na nyuma yao omena zikaendelea kulowa.